Kwa Kumba Watoto Hawafi

Mstari umeshuka tena. Dokta Haddy Njie alituonyesha ukutani juzi, mwekundu, unaanzia juu kabisa upande wa kushoto, enzi ambazo mama yangu alikuwa bado ananibeba mgongoni, unateremka hadi chini kulia, mwaka huu. Ni mstari wa watoto wanaokufa kabla ya kutimiza miaka mitano katika vijiji vyetu vya ukingo huu wa mto. Zamani kila mama alizika. Siku hizi kuna wasichana walioolewa na kuzaa ambao hawajui kaburi la mtoto linachimbwa refu kiasi gani. Wageni waliotoka Banjul walipiga makofi, wakuu wa vijiji wakapiga makofi, nami nikapiga. Sina ugomvi na mstari ule. Nimeutafuta kwa miguu yangu mwenyewe, juani na matopeni, na atakayeniambia ni uongo ajiandae kusikia maneno yangu.

Ila kile kijisehemu cha mwisho, kushuka kwa mwaka huu, mimi nakijua kwa jina. Ukumbini hakuna aliyeniuliza, kwa hiyo nitakisema hapa.

Mimi ni karani wa Kituo cha takwimu. Narudi nyumba zile zile msimu baada ya msimu, nauliza yale yale: nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehamia, nani amehama. Watu wa mjini hudhani ni kazi ya kitoto. Waje basi wamuulize mama wa Kimandinka ana watoto wangapi. Huku kwetu watoto hawahesabiwi, maana ukiwahesabu umemsaidia mwenye kuwachukua kuchagua. Kwa hiyo mimi huuliza, "Jana wamelala wageni gani hapa?" Mama hutaja mmoja mmoja kwa jina, nami najumlisha kimoyomoyo nikitazama pembeni. Kanuni tuliyoapishwa ni moja: andika unachoambiwa na mwenyewe, usiandike unachokijua wewe.

Sasa Nano Sanyang. Tulikuwa tukienda pamoja kwenye mashamba ya mpunga bondeni tangu tukiwa wasichana, yeye mwembamba, mpole, anacheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Alizaa watoto wanne na akawazika wanne. Hakuna aliyefika siku ya kukimbia kumfuata baba yake shambani. Mume wake, Dembo, hakumfukuza wala hakumtukana, alizidi tu kukaa pwani akijenga nyumba za watalii, na kurudi mara mojamoja. Watu walimwonea Nano huruma, na huruma ya watu, ukiishi nayo kila siku kisimani, inachosha kuliko matusi.

Alipopata mimba ya tano, wanawake wa kanyeleng walimchukua. Hao ni wenzake, waliofiwa mfululizo au wasiozaa kabisa, na kazi yao ni kumfanyia kifo kiini macho. Wanavaa matambara, wanacheza ngoma za aibu, wanakula kwa mikono miwili mbele za wakwe, ili kifo kikipita kiwaone ni vichaa na kiende zake. Mtoto alipozaliwa walimlaza juu ya jalala nyuma ya ua, kwenye maganda ya karanga na majivu, wakaondoka wakiimba. Kumba Touray, jirani, "akapita kwa bahati", akamwokota.

Walimchagua Kumba kwa sababu moja tu. Kwa Kumba watoto hawafi. Alizaa saba, na wote saba wapo, wengine wana ndevu. Hajui hata yeye kwa nini. Akamlipia yule mchanga konzi ya karanga, akampa jina la Jalala, na kuanzia hapo mtoto akawa wa Kumba. Aliendelea kunyonya kwa Nano na kulala kwa Nano, lakini Nano alikuwa akimwita "mgeni wa Kumba". Akianguka na kulia, Nano alisema kwa sauti, ili kila kitu kisikie, "Nyamaza, wewe mtoto wa watu." Karani wa wakati ule, kijana wa mjini aliyekuwa ameshika eneo lile kabla yangu, aliambiwa mama ni Kumba, akaandika Kumba. Alifuata kanuni.

Mwaka juzi Dokta Haddy aligundua jambo. Ni mwanamke mdogo wa umbo, hasemi sana, na macho yake yamechakaa kwa kutazama tarakimu. Alichukua miaka yote thelathini na kitu ya Kituo, akaunganisha kila mtoto na mama yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, kwa sababu wote walikuwa wakitazama mstari mzima tu. Akaona kwamba vifo vilivyobaki havikutawanyika. Vilikuwa vimerundikana katika nyumba chache, kwa mama wale wale, kwa watoto wa umri ule ule, mvua baada ya mvua. Akatuita makarani akatuambia hilo si jicho la mtu wala jini. Alidhani wengi wa watoto wale walikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu unaorithiwa kwa baba na mama ambao wenyewe ni wazima. Kuna kipimo, na kuna dawa ya kumeza kila siku ambayo haiponyi lakini inamshikilia mtoto.

Fedha zilipatikana za watoto wachache tu. Mashine ikatoa orodha ya akina mama, na watoto wao walio hai wakaitwa kupimwa. Nano alikuwamo, karibu na juu kabisa. Mbele ya jina lake paliandikwa: hana mtoto aliye hai.

Nikaenda ofisini kwa Dokta, nikamwambia yupo, ana miaka miwili, vidole vyake vinavimba na analia usiku kucha, ameandikwa kwa Kumba. Dokta alinisikiliza hadi mwisho. Akasema ananiamini. Akasema pia kwamba kumbukumbu ile inategemewa na dunia nzima kwa sababu moja, kwamba hakuna mtu aliyewahi kuibadilisha kwa kusikia. Mama mwenyewe aseme, mbele ya karani, aweke dole gumba. Bila hivyo mtoto ni wa Kumba, na nyumba ya Kumba haina sababu ya kuitwa.

Nilimkasirikia. Nilipofika barabarani hasira ilikuwa imeisha, maana nami ningejibu vilevile.

Nilianza na Kumba. Ukoo wake na wetu ni watani, na hawezi kunikaribisha bila kunichambua. Alikuwa anatwanga karanga za domoda, mchuzi wetu mzito.

"Karibu, mwizi wa majina," akasema. "Leo umekuja kumwiba nani?"

"Nimekuja kula. Ukoo wenu haujui kupika, lakini njaa haichagui."

"Kaa chini basi, ule kama mbwa wenzako."

Nilipomweleza, aliacha kutwanga. Alisema yeye yuko tayari kumpeleka mtoto popote, hata Dakar, hata leo. Nikamwambia kwamba yeye akimpeleka haitasaidia, nafasi ni za watoto wa orodha tu, anayetakiwa kusema ni Nano. Kumba akatikisa kichwa. "Mtani," akasema, na hakuwa akitania, "unajua unachomwomba? Unamwomba amtaje."

Nano alikataa. Hakukataa kwa ukali. Alinipa maji, akanisikiliza, akasema, "Dada Sirra, wewe una watoto wako. Mimi nina mgeni mmoja. Niache na mgeni wangu." Nilirudi wiki iliyofuata, akakataa. Nilirudi tena. Safari hiyo nilimkuta amemlaza Jalala mapajani, vidole vya mtoto vimejaa kama ndizi fupi zilizoiva, macho yake ya manjano, hana hata nguvu ya kulia sawasawa. Nikakaa mkekani karibu nao.

Ni yeye aliyeanza. Aliuliza kama kile kishikwambi changu cha kuandikia majina kinawajua wale wengine. Nikasema kinawajua. Akasema, "Wasome."

Nikawasoma. Fili, msichana, alikufa akiwa anatambaa. Bubakar, aliyekuwa ameshaota meno ya mbele. Mwingine msichana, Jonsaba. Wa mwisho alikufa kabla hajapewa jina, na kwenye kumbukumbu ameandikwa hivyo hivyo, hana jina, wa kiume. Huku kwetu mtoto akifa hatajwi tena, na kwa miaka yote ile Nano hakuwahi kusikia majina yale yakitoka kinywani mwa mtu. Alisikiliza huku akimpapasa mtoto mgongoni.

"Wapo wote," akasema.

"Wapo."

"Mimi nilidhani mnapenda tu kujua waliokufa wangapi." Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, "Na huyu andika. Ni wangu. Nimemzaa mimi."

Kumba alikuwa amesimama mlangoni. Aliziba masikio kwa mikono yote miwili akatoka uani. Nano akaweka dole gumba kwenye kioo, nami nikamhamisha mtoto kutoka nyumba moja hadi nyingine bila yeye kusogea kwenye mapaja aliyolala.

Walimpima. Alikuwa nao ugonjwa. Wakampa dawa, na hapa nataka nisikike vizuri: dawa ilifanya kazi. Kufikia wakati wa kuvuna karanga vidole vilikuwa vya mtoto kama vidole vingine. Akanenepa. Akawa mtundu, anafukuza kuku wa Kumba, anaiba sukari ya chai. Siku moja Dembo alirudi kutoka pwani na mtoto akakimbia njia nzima kumpokea, na Nano akaziba mdomo kwa kiganja akicheka. Nilikuwapo. Alikuwa bado hanikaribishi kwa furaha, lakini alikuwa akinipa kipande kikubwa cha samaki.

Mvua zikaja. Mwezi wa nane barabara ya hospitali hukatika mara mbili tatu, na malaria ya mwezi huo haimsubiri mtu. Jalala alipata homa asubuhi, jioni akawa mweupe viganjani. Walimfikisha kesho yake kwa mkokoteni wa punda kisha gari. Hospitalini dripu ilikuwapo, dawa ya malaria ilikuwapo, na daktari alikuwapo na alijua la kufanya. Damu ndiyo haikuwapo. Mwezi wa nane damu huisha, wote tunalijua hilo, kwa sababu wote huumwa pamoja. Walinipima mimi niliyekuwa nimewasindikiza, haikulingana. Dembo alikuwa ameshapanda gari kutoka pwani na alikuwa amekwama kivukoni. Nano alinyoosha mkono wake kabla hajaombwa. Muuguzi akamchukua pembeni, akampima, akarudi akasema hawezi kumtoa damu mwanamke huyu, damu yake mwenyewe haimtoshi, tena ana mimba.

Hivyo ndivyo Nano alivyojua ana mimba. Mtoto alikufa kabla ya adhuhuri, Dembo akiwa bado ng'ambo ya mto anatazama maji.

Nitasema ninavyojisikia, maana nimechoka kulizungushia. Sikukosea. Ningeulizwa tena leo ningefanya vilevile. Watoto wa orodha ile wengi wako hai. Dokta Haddy alipiga hesabu akaonyesha kwamba kama si dawa, makaburi ya mvua ile yangekuwa mengi mno. Alinieleza hayo akiwa analia, na tarakimu zake zilikuwa sahihi. Lakini hakuna tarakimu inayoweza kukaa chini kwenye mkeka wa msiba na kupeana salamu. Mimi ndiye niliyekwenda kukaa. Wanawake wa kanyeleng walikuwa wamevaa nguo safi, nzuri, na hilo liliniogopesha, maana sijawahi kuwaona bila matambara. Hawakuimba.

Kumba hakunitukana. Nilimsubiri anitukane. Aliniletea maji, akaniambia polepole, "Mimi nilimwokota jalalani. Wewe ukamwokota kwangu." Akaenda zake jikoni.

Baada ya arobaini nilirudi kwa kazi, kwa sababu mzunguko wa kazi haungoji mtu. Maswali yale yale. Nilifika kwa Nano nikawasha kishikwambi, na kabla sijauliza akanisaidia mwenyewe.

"Andika," akasema. "Najua unachotaka."

Nikaandika. Kisha akaniomba kitu. Aliniomba nimrudishe mtoto kwa Kumba, huko ndani ya mashine. Nilimwambia mtoto amekwisha kufa, haitabadilisha kitu. Akasema anajua amekufa, alimwosha yeye. "Lakini kwa Kumba watoto hawafi," akasema. "Huko kwenu mrudishe tu. Abaki huko, akue."

Nilikuwa na dole gumba lake. Nilikuwa na kanuni. Kama ningemrudisha angekuwa hai kwenye kumbukumbu mpaka siku karani fulani aje aulize, na hata karani huyo angeambiwa, ndiyo, amelala hapa jana. Nilimwambia siwezi. Badala yake nikamweleza jambo ambalo nilidhani ni jema. Nikamwambia mimba hii si lazima iwe kama zile, bahati inaanza upya kila mara. Na kwa kuwa sasa Kituo kinajua, mtoto huyu atapimwa siku ya kuzaliwa. Akiwa nao, ataanza kinga mapema, atawekewa alama kwenye orodha, na damu itatafutwa kabla ya mvua. Jalala alichelewa miaka miwili kwa sababu hakuonekana. Huyu ataonekana tangu mwanzo.

Nano alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mzuri asiye na akili.

"Ndiyo hilo, dada," akasema. "Ataonekana."

Nilipopita tena, baada ya mavuno, nyumba yake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya mgomba. Chungu kilikuwa kimefunikwa kifudifudi uani. Nikaenda kwa Kumba kuuliza. Alikuwa anachambua mchele, hakunyanyua kichwa.

"Nano yuko wapi?"

"Nano gani?"

"Kumba, usinifanyie hivyo."

"Hapa hajawahi kukaa mtu wa jina hilo," akasema. Akachambua punje kadhaa, akatupa kijiwe. "Andika hivyo. Si unaandika unachoambiwa?"

Watoto wa kisimani ndio walionidokezea kwamba alivuka kijito cha mpaka wa nchi akiwa na tumbo kubwa, akaenda kwa watu wa mama yake upande wa pili, kwenye msitu, ambako hakuna Kituo wala karani. Nilikwenda kwa Dokta Haddy nikamwomba ruhusa ya kumfuata, hata siku moja, hata kwa nauli yangu, nikiwa na kile kipimo cha tone la damu mfukoni. Aliandika barua mbili kuomba. Alijibiwa kwamba ng'ambo ya kijito si eneo letu, ni nchi ya watu, na dawa ya mradi haivuki. Aliniambia hayo amesimama dirishani, amenipa mgongo.

Nilikwenda bila ruhusa. Nilivuka, nikauliza katika vijiji viwili, nikataja jina lake. Wanawake walinipa kivuli na uji, wakaniambia kwa heshima kabisa kwamba hawamjui. Katika kijiji cha pili, nyuma ya ua wa mwisho, niliona jalala limefagiliwa vizuri, lina mkeka mdogo mpya juu yake. Nilisimama hapo mpaka mwenye ua akatoka kunitazama. Nikamuuliza mkeka ni wa nini. Akasema, "Wa kuanikia pilipili." Hapakuwa na pilipili. Nikarudi nyumbani.

Kwenye kishikwambi kuna kitufe cha hali kama hiyo. Ukikibonyeza, mtu hafi wala hapotei, huandikwa *amehama*, na kuanzia siku ile hahesabiwi tena, si yeye wala atakachozaa. Nilikibonyeza.

Basi juzi ukumbini mstari ukateremka, na sehemu yake ni haki tupu, ni wale watoto wa dawa wanaofukuza kuku leo. Sehemu nyingine ni nyumba moja iliyofungwa kwa kamba ya mgomba. Dokta alikuwa ameniomba nisimame, wageni wanione, karani wa siku nyingi. Nikasimama. Makofi yakaongezeka. Mgeni mmoja aliniuliza, kwa upole, kama kuna jambo ningependa kuongeza kuhusu mwaka huu.

Nje mawingu ya kwanza ya mvua yalikuwa yameanza kukusanyika upande ule wa msitu. Kama mtoto wa Nano alizaliwa salama, sasa ana miezi kadhaa, na kama damu yake ni kama ya kaka yake, vidole vitaanza kuvimba karibuni, na mama yake atamwambia anyamaze, yeye ni mtoto wa watu. Nikamjibu mgeni kwamba sina la kuongeza, nikaketi.